Mifumo ya Serikali Dodoma: Nani anahesabu sekunde?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KAULI ya "mfumo unasumbua" imekuwa ya kawaida kiasi kwamba mwananchi akiisikia dirishani haulizi tena swali la pili. Hurudisha karatasi zake kwenye bahasha, huangalia saa, kisha huamua kama atasubiri au atarudi kesho. Ofisa aliye upande wa pili wa kioo naye hana la kuongeza, kwa kuwa kwenye skrini yake hakuna kosa lililoandikwa. Kuna kiduara kinachozunguka tu.

Mfumo uliozimika na mfumo unaochelewa ni mambo mawili tofauti, ingawa dirishani yote mawili huitwa kwa jina moja. Ule uliozimika hupigiwa simu, hutumiwa fundi, na aghalabu huandikiwa taarifa. Unaochelewa huachwa uendelee kuchelewa. Mafundi wakiulizwa watajibu kwamba unafanya kazi, na jibu lao litakuwa la kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeulizwa unafanya kazi hiyo kwa sekunde ngapi.

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia katika makao makuu yaliyoamuliwa tangu mwaka 1973, mji huu umepokea wizara, taasisi na watumishi, na pamoja nao umepokea programu za kompyuta zinazoendesha shughuli za nchi. Malipo ya Serikali hupita kwenye mfumo wa MUSE, zabuni hupita kwenye NeST, mapato ya halmashauri hukusanywa kwa TAUSI, na mwananchi anayelipia huduma yoyote ya umma hupewa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa GePG, ile ambayo mitaani huitwa kontrol namba. Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, ina makao yake hapa. Hapa pia ndipo kilipo kituo chake cha utafiti na ubunifu, na ndipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinapofundisha vijana wanaotarajiwa kuzitunza programu hizo.

Nchi haikufika hapa kwa njia iliyonyooka. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya Serikali kupata hasara na usumbufu katika kuitumia mitambo hiyo kwa hesabu zake, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Wapo watumishi wastaafu wanaoikumbuka marufuku hiyo kama kichekesho, lakini haikuwa bila sababu: Serikali ilikuwa imenunua mashine bila kuwa na namna ya kujua kama zinaifaa kazi iliyokusudiwa. Miaka 50 na zaidi baadaye mashine zimekuwa bora mara nyingi zaidi. Namna ya kujua bado ni dhaifu.

Treni na saa mbili

Kupima muda wa programu ni jambo linaloonekana dogo. Mtu angedhani inatosha kubonyeza saa programu inapoanza na kuibonyeza tena inapomaliza. Wataalamu wa Tehama wanajua kwamba saa moja haitoshi, na sababu yake inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa treni ya SGR iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 1, 2024.

Abiria wa treni ya haraka hutoka Dar es Salaam na kufika Dodoma kwa muda usiozidi saa nne. Huo ndio muda wa treni. Lakini abiria huyo huyo aliondoka nyumbani Mbagala alfajiri, akakwama kwenye foleni, akafika kituoni mapema ili asiachwe, akakaguliwa mizigo, kisha alipofika Dodoma akatafuta usafiri wa kumpeleka Mtumba. Kwake yeye safari imechukua nusu siku. Takwimu zote mbili ni sahihi. Anayetaka kuboresha treni atahitaji ya kwanza, na anayetaka kumsaidia abiria atahitaji ya pili.

Programu ya kompyuta nayo ina saa mbili. Moja ni ya ukutani, inayohesabu tangu mtumiaji alipobonyeza kitufe hadi jibu lilipotokea. Nyingine ni ya prosesa, inayohesabu muda ambao ubongo wa kompyuta ulikuwa unaishughulikia programu hiyo hasa, bila kuhesabu muda wa kusubiri diski, kusubiri mtandao au kuzipisha programu nyingine. Kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa jamii ya Unix, ambao ndio unaoendesha sehemu kubwa ya seva duniani, zina amri ndogo ya tangu zamani ambayo kazi yake ni kutaja takwimu hizi. Hutoa namba tatu: muda wa ukutani, muda ambao prosesa iliitumikia programu yenyewe, na muda ambao prosesa iliutumikia mfumo endeshi kwa niaba ya programu hiyo. Amri hiyo hailipiwi, na kuiandika huchukua muda mfupi kuliko kuandika jina la mtu.

Chukua mfano wa ripoti inayochukua sekunde 9 kutokea kwenye skrini. Ikipimwa ikaonekana kwamba prosesa ilifanya kazi kwa sekunde 8 na nusu, basi tatizo liko kwenye hesabu zenyewe: programu imeandikwa vibaya, au mashine ni ndogo. Lakini ikionekana prosesa ilifanya kazi kwa nusu sekunde tu, maana yake sekunde 8 na nusu zilipotea katika kusubiri. Hapo hata iletwe seva ya bei gani, ripoti itaendelea kuchelewa vile vile, kwa kuwa seva mpya nayo itakuwa inasubiri.

Hapa ndipo fedha za umma zinapoingia. Mfumo unapochelewa, pendekezo linalofika kwanza mezani ni kununua mashine kubwa zaidi. Ni pendekezo rahisi kuandikia bajeti, rahisi kukagua, na seva ikifika hupigwa picha. Kupima muda hakupigwi picha. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Marekani, Donald Knuth, alichapisha utafiti wa programu zilizokuwa zikitumiwa na watu wa kawaida katika kazi zao. Alikuta kwamba chini ya asilimia 4 ya maandishi ya programu kwa kawaida hutumia zaidi ya nusu ya muda wote. Nusu nzima ya tatizo ilikuwa imejificha kwenye kurasa chache, na waandishi wenyewe mara nyingi hawakujua ni zipi. Tangu wakati huo zimetengenezwa programu za kuchungulia programu nyingine na kuonyesha sekunde zinaishia mstari gani. Nyingi kati yake ni za bure.

Mtumba na kata ya mbali

Jambo la pili ni mahali ambapo saa imewekwa. Mfumo ukifanyiwa majaribio kwenye ofisi ya Mji wa Serikali, Mtumba, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya na mkongo, matokeo yatapendeza. Ukipimwa kwenye ofisi ya kata katika Wilaya ya Chemba au Mpwapwa, ambako mtendaji anatumia simu yake kama chanzo cha intaneti, matokeo yatakuwa mengine kabisa, ingawa programu ni ile ile na seva ni ile ile.

Hesabu yake haina siri. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kati ya Dodoma na Dar es Salaam, ukichukulia mkongo wa kilomita 500, ujumbe huenda na kurudi kwa milisekunde 5, yaani sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Hakuna binadamu anayeweza kuuhisi muda huo. Lakini ukurasa mmoja wa mfumo unaweza kuhitaji kwenda na kurudi mara nyingi kabla haujakamilika. Ikiwa mwandishi wa programu hakuwa mwangalifu na ukurasa wake unakwenda kisimani mara 40, moja baada ya nyingine, ofisini Mtumba mizunguko hiyo itakula sekunde 0.2. Kwenye mtandao wa simu wa kata, ambako mzunguko mmoja unaweza kufika milisekunde 200, mizunguko hiyo hiyo itakula sekunde 8.

Mtaalamu aliyefanya majaribio Mtumba hakudanganya. Alipima safari ambayo mtendaji wa kata hasafiri.

Wakongwe wa intaneti nchini wanakumbuka enzi za kabla ya mwaka 2009, wakati mawasiliano ya nje yalipokuwa yakipita kwenye satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya dunia. Swali na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde angani kabla ya kompyuta yoyote kufanya lolote. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, wengi walidhani suala la kasi limekwisha. Halafu Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ikakatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile zilikuwa kipimo cha bure kwa kila taasisi: mfumo uliokuwa ukitegemea kitu kidogo kilichohifadhiwa ng'ambo, hata kama ni aina ya herufi au picha ya nembo, ulijionyesha wenyewe. Ni taasisi ngapi zilikaa chini zikaandika zilichokiona, hilo ni jambo ambalo wabunge wangeweza kuuliza.

Wastani unaoficha watu

Inapotokea taasisi imepima, mara nyingi hutoa takwimu moja: wastani. Kwa mambo ya muda wa programu, wastani ni takwimu yenye hila.

Ikiwa maombi 100 yameingia kwenye mfumo, na 95 kati ya hayo yakajibiwa kwa sekunde 1 kila moja, wakati 5 yalisubiri dakika nzima, jumla yake ni sekunde 395. Wastani ni chini ya sekunde 4. Ripoti itaandikwa kwamba mfumo hujibu ndani ya sekunde 4, na mkuu wa taasisi ataisoma kwa kuridhika. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyesubiri sekunde 4. Wapo waliohudumiwa mara moja na wapo waliodhani mfumo umekufa. Kama mfumo huo hupokea maombi 10,000 kwa siku, waliosubiri dakika nzima ni 500. Kwenye wastani hawaonekani.

Kwa sababu hiyo, kampuni kubwa za intaneti duniani ziliacha zamani kutegemea wastani peke yake. Huuliza swali la namna nyingine: kati ya maombi 100, la 95 kwa uharaka lilijibiwa kwa muda gani? Na la 99? Swali hilo humtafuta yule aliye mkiani mwa foleni.

Mkia huo utazidi kuwa mrefu kwa sababu ambayo Serikali yenyewe imeitaka, na imeitaka kwa nia njema. Rais Samia ameagiza mara kadhaa kwamba mifumo ya umma isomane, ili mwananchi asilazimike kubeba taarifa zake kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na eGA imejenga daraja la kuunganisha mifumo, GovESB. Lakini ombi moja la mwananchi linapogeuka kuwa safari ya kupitia mifumo mitano, kuchelewa kwa mmoja huwa ni kuchelewa kwa wote. Ikiwa kila mfumo kati ya hiyo mitano huchelewa mara moja tu katika kila mara 100, mwananchi atakutana na ucheleweshaji karibu mara 5 katika kila 100. Mifumo ikiwa 20, itakuwa mara 18. Hakuna taasisi itakayokuwa imeshusha kiwango chake, na kila moja itaonyesha ripoti nzuri. Mwananchi pekee ndiye ataona tofauti, na atakapolalamika hatajua alalamike wapi.

Data kidogo, sifa nyingi

Kosa jingine hutokea siku ya makabidhiano. Mjenzi wa mfumo huonyesha kazi yake mbele ya kamati kwa kutumia kumbukumbu 100 au 200 za majaribio, kila kitu kinajibu papo hapo, na wajumbe hupiga makofi. Muda wa programu, hata hivyo, haukui kwa namna moja katika kila programu.

Sensa ya mwaka 2022, iliyosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenye makao yake Dodoma, ilihesabu watu 61,741,120. Namba hiyo inafaa kwa zoezi la kufikirika. Ichukuliwe kwamba kuna orodha yenye ukubwa huo, na programu inatakiwa kutafuta majina yaliyojirudia. Mwandishi mmoja anaweza kuiandika kwa njia inayokuja kwanza akilini, yaani kumlinganisha kila mtu na kila mtu mwingine. Kwa orodha ya watu 200 ulinganisho ni 19,900, na kompyuta inayolinganisha majozi milioni moja kwa sekunde itamaliza kabla kamati haijakohoa. Kwa orodha ya nchi nzima, kompyuta hiyo hiyo itahitaji zaidi ya miaka 60.

Mwandishi mwingine ataipanga kwanza orodha kwa alfabeti, kisha alinganishe majirani tu. Kazi yake kwa orodha nzima, kwa kasi ile ile ya hatua milioni moja kwa sekunde, itakwisha kwa takribani nusu saa.

Mbele ya kamati, programu hizi mbili hazitofautiani. Zote zingepitishwa siku hiyo hiyo, pengine ile ya kwanza ikipewa alama zaidi kwa rangi zake. Kinachozitenganisha ni jaribio moja lenye data ya ukubwa halisi, na tena lifanyike mara kadhaa kwa ukubwa tofauti: kumbukumbu 1,000, kisha 10,000, kisha 100,000. Muda ukiongezeka mara 10 kila data inapoongezeka mara 10, hali ni njema. Ukiongezeka mara 100, mfumo huo una siku yake ya kufa, na siku hiyo inaweza kukokotolewa kabla ya mkandarasi hajalipwa.

Mzigo wa watumiaji nao ni hivyo hivyo. Oktoba 1, 2013 Serikali ya Marekani ilifungua tovuti yake ya bima ya afya baada ya maandalizi yaliyogharimu mamilioni ya dola. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa watu 6. Tovuti haikuwa imejaribiwa ipasavyo kwa umati uliokuja. Nchini, siku za umati zinajulikana: siku ya mwisho ya kutuma maombi Sekretarieti ya Ajira, siku matokeo ya mitihani ya Taifa yanapotangazwa, na wiki ya mwisho ya Juni, wakati taasisi zote zinapokimbizana kukamilisha malipo kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Kijana aliyesubiri ukurasa ufunguke hadi dirisha la maombi likafungwa hahesabiwi katika takwimu za waliokosa sifa. Hahesabiwi popote.

Saa nayo hukosea

Wapo watakaoshangaa kwamba hata saa ya kompyuta haiaminiki moja kwa moja. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kama idadi ya sekunde tangu usiku wa manane wa Januari 1, 1970 kwa saa za Greenwich, wakati ambao Dodoma ilikuwa saa 9 usiku. Saa hiyo hurekebishwa mara kwa mara ili ikubaliane na saa nyingine duniani, na inaporekebishwa inaweza kuruka mbele au kurudi nyuma. Programu iliyoanza kupima kabla ya marekebisho na ikamaliza baada yake itapata muda usio na maana.

Ndivyo ilivyotokea Januari 1, 2017. Sekunde moja ya ziada ilikuwa imeongezwa kwenye saa za dunia, na katika kampuni ya Cloudflare ya Marekani, inayohudumia tovuti nyingi duniani, programu moja ikatoa muda wa mwisho kwa muda wa mwanzo na kupata jibu lililo chini ya sifuri. Aliyeiandika hakuwahi kufikiri kwamba wakati unaweza kurudi nyuma. Programu ikaanguka, na baadhi ya tovuti zikaanguka nayo. Dawa yake ilikuwapo miaka mingi: kompyuta huwa na saa ya pili isiyojua tarehe wala mwaka, ambayo kazi yake ni kwenda mbele tu. Ndiyo inayopaswa kutumika kupimia muda.

Suala hili linagusa ununuzi wa umma moja kwa moja. Katika zabuni za kielektroniki hakuna ofisa anayefunga sanduku kwa kufuli. Muda ukifika, mlango hujifunga wenyewe. Mzabuni aliyebonyeza kitufe sekunde 5 kabla ya muda, kisha ombi lake likachukua sekunde 8 kupokelewa, yuko ndani au yuko nje? Jibu linapaswa kuandikwa kwenye kanuni kabla ya zabuni kufunguliwa, na liandikwe kwa kutaja saa ya nani inahesabika.

Mvua haisubiri

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya wenye kompyuta peke yao wanaweza kutazama angani. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na mkulima wa Kongwa au Bahi anayepanda uwele na mtama hana nafasi ya kukosea tarehe mara mbili. Utabiri anaousikia redioni hutokana na programu zinazokokotoa mwenendo wa hewa, na programu hizo zina sharti gumu kuliko lolote: zimalize kabla hali ya hewa yenyewe haijafika.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliliona tatizo hilo mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 alieleza jinsi alivyokokotoa kwa mkono utabiri wa saa 6 tu, kazi iliyomchukua takribani wiki 6, na majibu yakawa mabaya. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilitumia karibu saa 24 kutabiri saa 24, yaani ilikwenda sambamba na mvua. Mwaka 2008 wataalamu wawili waliirudia hesabu hiyo ya ENIAC kwenye simu ya Nokia 6300. Ilikwisha chini ya sekunde moja.

Kwa mtabiri, basi, muda wa programu ni sehemu ya ubora wa jibu. Programu ikikimbia haraka mara mbili, anaweza kuigawa nchi katika miraba midogo zaidi na kuitenganisha mvua ya Kondoa na ukame wa Manyoni. Ikichelewa, hulazimika kupanua miraba na kutoa jibu la jumla jumla.

Mkataba unasemaje

Nyaraka nyingi za kununua programu, katika nchi nyingi na si Tanzania pekee, huridhika na kuandika kwamba mfumo uwe "wa haraka na wenye kuaminika". Maneno hayo hayawezi kumfunga mkandarasi yeyote. Haraka kwa nani, akiwa wapi, wakati watu wangapi wakiutumia, kwa data kiasi gani? Sharti linaloweza kupimwa lingesema, kwa mfano, kwamba maombi 95 kati ya kila 100 yajibiwe ndani ya sekunde 3, yakipimwa kwenye kompyuta ya mtumiaji aliye nje ya makao makuu ya mkoa kwa mtandao wa simu, watumiaji 5,000 wakiwa kazini kwa pamoja, kanzidata ikiwa na kumbukumbu za miaka mitano. Kila neno hapo lina bei, na mzabuni ataiweka kwenye hesabu zake. Ni heri bei hiyo ionekane siku ya zabuni kuliko kulipwa kidogo kidogo dirishani na watu wasioulizwa.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Wataalamu wachache waliopo wanabanwa na kazi ya kuhakikisha mifumo haidukuliwi na fedha hazipotei, na kwao sekunde chache za mwananchi zinaweza kuonekana anasa. Ni kweli pia kwamba programu ya haraka inayokosea hesabu haina faida. Lakini ucheleweshaji una tabia ya kuzaa makosa mengine. Mhasibu aliyechoka kusubiri hubonyeza kitufe mara ya pili, na muamala unaweza kujirudia. Mtumishi aliyekata tamaa huandika kwenye daftari ili aingize jioni, na jioni ikifika kuna risiti isiyoonekana. Mapato yaliyokusudiwa kulindwa na mfumo hupenya hapo hapo.

Vipimo vya kuanzia havihitaji zabuni wala mtaalamu kutoka nje. Vinahitaji ofisa mmoja katika kila halmashauri ya Mkoa wa Kigoma, Dodoma au wowote ule utakaochaguliwa, simu yenye saa ya kuhesabia, na daftari. Achague muamala mmoja usiobadilika, kama kutoa namba ya malipo ya leseni, aupime mara 10 saa 2 asubuhi, mara 10 saa 6 mchana na mara 10 saa 9 alasiri, kwa wiki mbili mfululizo. Aandike kila namba, hata ile ambayo mfumo haukujibu kabisa, na asiandike wastani. Yakifanyika Mei, majibu yatakuwa yamefika mezani Dodoma kabla ya msongamano wa Juni 30.